Herufi Mbili za Rashko Velev

Nianze na mimi mwenyewe, maana nikianza na wengine nitapata pa kujificha. Naitwa Nevyana Dobreva, mkuu wa tawi la Gorni Brod, mji wa kando ya mto Danubi ambao vijana wake wako Uhispania na wazee wake wako mbele ya televisheni. Kazi yangu ni kuhakikisha wazee hao wanapata picha. Kiti ninachokalia ni cha ngozi ya bandia, kimechanika upande wa kushoto, na nilikipata kwa kunyamaza.

Kabla yangu alikikalia Rashko Velev. Sote tulimwita Bai Rashko, kama unavyomwita mwanamume aliyekuzidi umri unayemheshimu bila kumwogopa. Yeye na wenzake wawili ndio walioanzisha mtandao huu, wakivuta nyaya juu ya mapaa ya majengo ya ghorofa huku wapangaji wakiwatukana kutoka madirishani. Wenzake walikwenda Ujerumani, yeye akabaki. Mimi nilimjia nikiwa na cheti cha chuo na kucha ndefu nyekundu.

"Kucha hizo hazifiki Ijumaa," alinitania siku ya kwanza.

Hazikufika hata Jumatano.

Alinifundisha karibu kila ninachokijua. Chuoni nilikuwa nimekariri tu. Kwake ndiko nilikoelewa. Somo ninalolikumbuka zaidi alinichorea kwa penseli ya seremala, nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita. Televisheni inayopita kwenye mtandao haipelekwi nyumba kwa nyumba kama barua. Picha inatumwa mara moja tu, na ruta, vile visanduku vinavyoelekeza njia, zinaigawa njiani kwa kila anayeitaka. Shida ni kwamba anayetuma hajui nani anaitaka, na anayeitaka hajui inatoka wapi. Kwa hiyo inachaguliwa ruta moja ambayo anwani yake inajulikana na zote. Mwenye picha anaipeleka pale, mwenye kuitaka anakwenda kuiulizia pale. Hapo ndipo mahali pa kukutania. Ruta moja ikielekezwa kwingine, hakuna kengele inayolia wala taa nyekundu inayowaka. Kioo kinakuwa cheusi, basi.

"Mimi na Genoveva wangu," alisema akiwa bado anachora, "mwaka sabini na nne tulikuwa tunakutana penye chemchemi mbele ya posta. Kila Jumatano saa kumi na moja. Simu hatukuwa nazo. Angesimama yeye posta na mimi nikasimama stesheni, leo ningekuwa na mke mwingine."

"Labda anayejua kupika zaidi."

"Wee! Akikusikia huyo, banitsa yake ya jibini utaisikia harufu tu."

Sasa, kuna njia mbili za kuziambia ruta mahali pa kukutania palipo. Unaweza kuandika anwani kwa mkono katika kila ruta, moja baada ya nyingine. Au unaiacha ruta moja itangaze, na nyingine zote zisikie na kuamini. Bai Rashko alikuwa mtu wa mkono. Tulikuwa na ruta kumi na tisa, na zote kumi na tisa aliziandikia mwenyewe. Ila ruta zetu zilikuwa na tabia ya majirani wabaya: zikisikia tangazo, zinaacha kilichoandikwa na kufuata kilichosikika. Dawa yake ilikuwa kuongeza neno moja mwishoni mwa mstari, neno la kuiamuru ruta ishike anwani hii hata ikisikia nyingine. Bai Rashko aliliita neno hilo msumari.

"Ubao usio na msumari nao unasimama, binti," alikuwa akisema. "Unasimama mpaka siku ya upepo."

Na juu ya mstari huo aliweka mstari mwingine, ambao ruta haiusomi, wa kusomwa na binadamu: *Mahali pa kukutania pa chaneli ya mji. Usiguse. R.V.* Ndiyo desturi yetu mafundi wa mtandao. Anayeandika anatia herufi za jina lake, ili atakayekuja kuvuruga ajue pa kwenda kuuliza. Ukichukua maandishi ya mwenzako ukayabandika kwingine, unafuta herufi zake, unatia zako. Hakuna sheria inayosema hivyo, lakini hata fundi mlevi anaifuata.

Vuli ya mwaka ule kampuni ikauzwa kwa watu wa Sofia, mji mkuu. Sote tukasainishwa mikataba mipya ya majaribio, mwisho wake tarehe thelathini na moja Januari, hata Bai Rashko ambaye nusu ya nyaya za mji zilikuwa na damu ya vidole vyake. Alikuwa amebakiza miezi saba astaafu. Aliisaini ile karatasi akicheka, akasema hajawahi kujaribiwa akiwa na mvi.

Bosi mpya wa kanda aliitwa Lachezar. Miaka thelathini na moja, suti ya kubana, viatu vyembamba visivyojua matope. Debe tupu haliachi kuvuma, na huyu alivuma kila Jumatatu kwa simu na mara moja kwa mwezi kwa miguu yake. Alikuja na habari kwamba mwaka mpya ukiingia, mahali pa kukutania kwa chaneli zote patatangazwa kutoka Sofia, ruta zisikie zenyewe, habari ya kuandika kwa mkono iishe.

"Chaneli ya mji inazaliwa hapa, mitaa miwili kutoka kwenye kiti hiki," Bai Rashko alimwambia. "Kwa nini bibi wa Gorni Brod aende kuulizia Sofia picha ya mtaani kwake?"

"Bwana Velev, dunia inakwenda huko."

"Iende salama. Nyie tangazeni mnavyotaka, mimi nimeshapigilia."

Lachezar alimwachia chaneli hiyo moja, kama unavyomwachia mzee redio yake. Siku ileile akaniita pembeni, karibu na mashine ya kahawa.

"Velev anaondoka Mei," akasema. "Nitahitaji mtu hapa. Mtu anayetazama mbele."

Nikatazama mbele. Nilikuwa na miaka thelathini na nne, binti mmoja, mume aliyekuwa akipiga simu kutoka Bremen kila alipokumbuka. Lakini sitaki kumsingizia mtoto wangu. Nilikitaka kile kiti. Nilikuwa nimekitazama miaka sita na nilijua kabisa ningekigeuzia dirishani.

Katikati ya Desemba bomba lilipasuka chini ya Jengo la Tisa na kuiloweka ruta iliyokuwa ikihudumia Jengo la Tisa hadi la Kumi na Nne. Bai Rashko alikuwa upande wa pili wa mji, kwa hiyo nilikwenda mimi. Spaska, mama wa mapokezi na simu, ndiye aliyenipa ufunguo. Kule chini palikuwa na baridi ya kukata masikio na harufu ya kabichi iliyochachuliwa, maana kila familia ina pipa lake pale. Nikafunga ruta mpya ukutani, nikaweka kompyuta juu ya pipa la mtu, nikafungua maandishi ya Bai Rashko na kuanza kuyanakili.

Ule mstari ulikuwa mrefu. Ulifika ukingoni mwa dirisha la kompyuta ukakatika, na neno la mwisho likaangukia chini yake, peke yake. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Nilichagua mstari, nikanakili, nikabandika, na msumari ukabaki nyuma. Bai Rashko alikuwa na sheria yake: ukishabandika, soma kwa sauti yote uliyobandika, hata kama watu watakuona mwendawazimu. Sikusoma. Saa kumi na mbili Lachezar alikuwa ametualika wachache kwenye chakula cha mwisho wa mwaka, na nywele zangu zilinuka kabichi.

Wala herufi sikubadilisha. Nilipiga simu ghorofa ya tatu, wakasema picha safi, nikafunga mlango nikaenda kula. Karatasi ya kazi ikaandikwa kama zilivyoandikwa zote: *Velev na timu*.

Ubao ukasimama wiki tatu. Jioni ya tarehe tano Januari, Sofia wakaanza kutangaza.

Kesho yake ilikuwa Siku ya Yordani. Padri anautupa msalaba mtoni, vijana wanaruka ndani na chupi zao kuufuata, na atakayeuibua ana afya mwaka mzima. Chaneli ya mji huionyesha moja kwa moja, na hiyo ndiyo saa moja katika mwaka ambayo watu huitazama kwa hiari. Bai Rashko alikuwa ukingoni mwa mto tangu alfajiri, akiwafungia wapiga picha waya. Lachezar naye alikuwa ofisini kwa ziara yake ya mwezi. Saa nne asubuhi padri akainua mkono, na simu ya Spaska ikaanza.

"Nevyana!" aliita bila hata kufunika simu. "Jengo la Tisa giza! La Kumi giza! Chaneli zingine zote zinaonyesha, ya mji tu ndiyo nyeusi! Mwenyewe sikia huyu bibi, jamani, atapasuka mshipa!"

Sauti ya Bibi Stanka niliisikia kutoka mezani kwangu. Alikuwa mgonjwa wa nyonga, hajainuka kitandani tangu Oktoba. Mjukuu wake Yordan alikuwa amekuja kutoka Zaragoza kwa siku tano, kwa ajili ya kuruka tu, siku ya jina lake. Kitanda kilikuwa kimegeuzwa kikaelekea televisheni, majirani sita wamejaa chumbani na pombe ya rakia ya moto. Na mtoto wa Bibi Stanka, baba wa huyo Yordan, alikuwa diwani ambaye bila saini yake kampuni yetu isingesimamisha hata nguzo moja.

Nilimpigia Bai Rashko.

"Picha inatoka hapa, naiona kwa macho yangu," akapiga kelele juu ya upepo na ngoma. "Imepotelea huko kwenu. Angalia Jengo la Tisa linaulizia wapi!"

Nikaifungua ruta ya Jengo la Tisa. Ilikuwa ikiulizia Sofia. Picha ya mto wetu ilikuwa imefika mahali pake pa kukutania, mitaa miwili kutoka mimi nilipoketi, ikingoja. Na majengo sita yalikuwa yakibisha hodi mlango mwingine, mwendo wa saa tatu kwa gari. Nikashuka mpaka kwenye mstari. Msumari haukuwepo. Nilikumbuka lile pipa, vidole, kila kitu.

Ningeweza kuliandika lile neno palepale na hakuna ambaye angejua kamwe. Lakini Lachezar alikuwa amesimama nyuma ya bega langu, ananuka marashi.

"Mbona umeganda? Tatizo nini?"

"Kuna neno limekosekana. Hapa mwishoni."

"Nani kaandika?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Yeye akainama, akagusa kioo kwa ncha ya kalamu, kwenye ule mstari wa juu unaosomwa na binadamu.

"R.V.," akasoma. "Nani huyu R.V.?"

Alijua. Tawi zima tulikuwa watu kumi na mmoja.

"Rashko Velev," nikasema.

Lilikuwa jibu la kweli. Nimelitafuna miaka yote hii na bado ni la kweli, na ndiyo maana halimezeki. Lachezar akatoa simu, akapiga picha kioo changu, herufi mbili zikiwa katikati kabisa.

"Haya, rudisha picha."

Nikaliandika lile neno. Lilichukua sekunde nne. Kwenye televisheni ya mapokezi, ambayo haikuzimika hata mara moja, Yordan alikuwa ameshautoa msalaba majini, ameshabusiwa na mama yake, ameshafungwa blanketi. Bibi Stanka aliletewa migongo ya watu wakicheza ngoma ya horo. Spaska aliishika simu mbali na sikio lake, na sote tukamsikia bibi akilia, si kwa hasira tena. Kesho yake mjukuu akapanda ndege.

Diwani naye akapiga simu Sofia, na Sofia wakataka kichwa cha mtu.

Bai Rashko aliitwa asubuhi ya tarehe saba. Mimi nilikuwepo, kwa sababu Lachezar alitaka shahidi anayeelewa mambo ya ruta. Alimwekea picha ile mezani, imechapishwa kwa rangi.

"Bwana Velev, herufi hizi ni zako?"

Bai Rashko alivaa miwani. Alisoma taratibu, midomo ikicheza, kama alivyokuwa akisoma kila kitu. Nilimwona alipofika mwisho wa mstari. Aliurudia. Kisha akavua miwani akanitazama mimi, mara moja tu, kitambo kidogo, wala hakuwa na hasira. Alinitazama kama anavyotazama waya akijua umekatika, anatafuta tu ni wapi.

"Herufi ni zangu," akasema.

"Na kazi?"

"Wewe umeniuliza herufi."

Lachezar akamsukumia karatasi nyeupe. Sheria ya kazi inataka mtu aandike maelezo yake kabla hajaadhibiwa, na Lachezar kwa sheria alikuwa hodari. "Maelezo yawe hapa kabla ya saa nane mchana. Kama hayapo, nitamaliza bila hayo. Na nikuambie mapema: hii itakuwa kufukuzwa kwa utovu wa nidhamu. Hakuna kiinua mgongo, na kwenye kitabu chako cha kazi itaandikwa hivyohivyo."

Bai Rashko akaikunja karatasi mara mbili akaitia mfukoni. Nilimkuta koridoni akihangaika na mkono wa koti ambao haukutaka kuingia. Sikumsaidia.

"Nitakuwa pale kwa Fanka," akasema bila kunitazama. "Mpaka saa nane. Karatasi bado nyeupe, binti."

Hakusema zaidi, na hakukuwa na haja. Mkahawa wa Fanka ndipo tulipokunywa kahawa ya mchana miaka sita, meza ya pili kutoka dirishani. Alikuwa akinipa nafasi ya kuingia pale, kuketi, na kurudi naye kwa bosi tukiwa wawili. Najua angeniombea. Angesema binti alikuwa na baridi, angesema mstari ulikatika, angesema hata yeye imeshamtokea.

Nilipopita mapokezi Spaska alikuwa anapaka rangi kucha.

"Ufunguo wa Jengo la Tisa," akasema, "ile Desemba, nilimpa nani vile?"

"Spaska, usianze."

"Mimi? Mimi ni mama wa simu tu, maruta yenu siyajui. Nami nina mkataba wa majaribio kama wewe." Akapuliza kidole. "Asante ya punda mateke. Walisema wazee, si mimi."

Nilitoka saa saba na dakika ishirini. Nilifika hadi ng'ambo ya barabara, nyuma ya kibanda cha bahati nasibu, nikasimama. Kupitia kioo cha mkahawa nilimwona vizuri. Kofia yake ilikuwa juu ya meza, karatasi mbele yake, na vikombe viwili. Kimoja alikuwa anakunywa. Cha pili alikuwa amekifunika kisahani ili kisipoe. Kila mlango ulipofunguliwa aliinua kichwa, na kila aliyeingia alikuwa mtu mwingine.

Nilijiambia mengi pale nyuma ya kibanda. Kwamba mzee aliyebakiza miezi minne hawawezi kumfukuza kweli, watamtisha tu. Kwamba mimi nina miaka thelathini ya kazi mbele yangu na yeye ana shamba la mizabibu. Kwamba nitavuka kibanda kikifungwa, nitavuka lile lori likipita. Kibanda kilifungwa, lori likapita. Mwishowe miguu iliniuma kwa baridi, nikazunguka kwa uchochoro wa nyuma ya posta, penye ile chemchemi kavu, nikarudi ofisini. Nilikuwa mwoga, na sina jina lingine zuri zaidi la kulipa jambo lile.

Saa nane kasoro dakika tatu aliingia. Karatasi ilikuwa na mistari miwili tu, kwa mwandiko wake wa fundi, kila herufi imesimama peke yake. Lachezar akaisoma kwa sauti.

"*Kosa ni langu. Nilimfundisha mtu kunakili kabla sijamfundisha kusoma.*" Akainua macho. "Mtu gani?"

Bomba la joto lilikuwa likidondosha maji kwenye ndoo, na nilihesabu matone saba. Bai Rashko alikuwa anatazama dirishani. Hakunitazama hata kidogo, na nilielewa kwamba alikuwa ananiachia mlango wazi kwa mara ya mwisho, asije akaonekana kama ananisukuma.

Nikanyamaza kama maji mtungini.

"Mtu gani, Bwana Velev?"

"Umetaka kosa liwe la mtu, limekuwa la mtu," akasema Bai Rashko. "Sasa piga muhuri wako, kijana, mimi nina mizabibu ya kupogoa."

Lachezar akacheka. "Ushairi," akasema, akalipigia mstari lile *kosa ni langu*. Mengine hakuyahitaji.

Mwisho wa Januari mikataba yetu ikathibitishwa, na mimi nikakaimu ukuu wa tawi. Nilikigeuza kiti dirishani kama nilivyokuwa nimepanga. Dirisha linatazama mkahawa wa Fanka. Hilo nilikuwa nimelisahau.

Wiki ya pili ya Februari Spaska alifungua mlango wangu bila kubisha.

"Bai Rashko yuko hapa. Anataka kitabu chake cha kazi. Ukurasa wa mwisho haujasainiwa, na mwenye kusaini sasa ni wewe, *mkuu*."

Aliingia akiwa na koti lilelile. Alikuwa amekonda shingo. Nilisimama, nikamwambia karibu Bai Rashko, nikasema kiti, nikasema kahawa, nikasema vitu vingi kwa mara moja.

"Siketi," akasema. "Nimepata kazi sokoni, kufagia. Miezi minne, nimalizie. Ila wanataka kitabu."

Kile kitabu kilikuwa cha jalada gumu la kijani, kimeanza mwaka sabini na mbili. Nilikifungua. Kurasa na kurasa za mihuri: kiwanda cha pampu, posta, mtandao. Wakubwa waliokwishakufa walikuwa wamesaini kila ukurasa, na wote walikuwa wamemsifu. Kwenye mstari wa mwisho mhasibu wa Sofia alikuwa ameshaandika: *amefukuzwa kwa utovu wa nidhamu*. Chini yake palikuwa na nafasi tupu.

"Bai Rashko," nikasema. "Mimi..."

Alingoja. Nataka hilo lijulikane: alingoja kweli. Alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili na uso wake ulikuwa umeinuka kidogo, kama pale mkahawani kila mlango ulipofunguliwa. Nje ya mlango kucha za Spaska ziliacha kugonga kibodi.

"Mimi nasikitika sana," nikasema.

"Saini, binti. Ofisi ya soko inafungwa saa sita."

Nikachukua kalamu. Chini ya yale maneno nikaandika N.D., na tarehe, nikapiga muhuri, nikapuliza wino ukauke, maana mikono yangu ilihitaji kazi ya kufanya. Nikamrudishia. Alivaa miwani yake akasoma ukurasa wote kwa sauti ya chini, neno kwa neno, hadi mwisho. Alipofika kwenye zile herufi aliziwekea kidole.

"Afadhali," akasema. "Leo umetia za kwako."

Akakitia kitabu kwenye mfuko wa ndani, akavaa kofia, akatoka. Nilimwona dirishani akipita mbele ya mkahawa wa Fanka bila kugeuka.

Ruta ya Jengo la Tisa bado iko kule chini, kati ya mapipa ya kabichi. Ndiyo ya mwisho iliyobaki na mstari wa mkono, nyingine zote zimeshazoea kusikia Sofia. Msumari wake upo, nimeuhakikisha mara nyingi. Juu yake bado pameandikwa R.V. Ufunguo ninao, ruhusa ninayo, na hakuna mtu ninayehitaji kumwomba. Kubadilisha herufi mbili ni kazi ya sekunde nne. Kila Siku ya Yordani naufungua ule mstari, nausoma kwa sauti kama alivyonifundisha, kisha naufunga.